Je, Kunyamaza ni Huruma?

Mara nyingi tumesikia watu wakisema ya kuwa haimpasi Mkristo kutangaza kosa la mwenzake. Mwalimu akikosa huhamishwa kimya kimya, na barua njema mkononi. Mzee wa kanisa akila fedha za sadaka huambiwa ajiuzulu, na habari zikaishia pale pale. Wafanyao hivyo si watu wabaya. Huona haya kumharibia mtu riziki yake, tena huogopa dhambi ya kusengenya. Lakini yatupasa kuuliza: huruma hii yalipwa na nani?

Tutazame habari za daktari mmoja Mmarekani, jina lake Michael Swango. Mwaka 1984, katika hospitali ya chuo kikuu huko Ohio, wauguzi walimshuku, kwa kuwa wagonjwa walizidiwa ghafula baada ya yeye kuingia chumbani mwao. Wakuu walipeleleza upesi upesi, wakamrudisha kazini, na mwaka ule ule akapewa hati ya uganga. Mwaka 1985, katika jimbo la Illinois, alihukumiwa kifungo kwa kuwatilia sumu watu aliofanya kazi nao. Alipotoka gerezani alitengeneza karatasi za uongo, akapata tena kazi ya udaktari, kwanza South Dakota, kisha New York.

Marekani kila jimbo lina baraza lake la kutoa ruhusa ya kuganga, na zamani aliyefukuzwa huku aliweza kuvuka mpaka na kuanza upya kule. Ndiyo sababu ilitungwa sheria mwaka 1986, na mwezi wa Septemba 1990 serikali ikafungua daftari kuu la nchi nzima. Baraza likimnyang'anya daktari ruhusa yake, sharti lipeleke habari katika siku 30. Hospitali nayo sharti iliulize daftari hilo kabla ya kumpokea daktari, na tena kila miaka 2. Ni sheria njema. Ila mambo ya Illinois yalitokea kabla ya 1990, wala hayakuandikwa humo.

Basi, alipokataliwa kwao, mwisho wa mwaka 1994 Swango alifika Mnene, hospitali ya misheni ya Kilutheri katika nchi ya Zimbabwe, naye amechukua karatasi za uongo. Fikirini, wapenzi wasomaji, furaha ya watu wa mashambani wakiona daktari amewajia kutoka ng'ambo. Nani angemwuliza neno? Wagonjwa wakaanza kufa pasipo sababu kujulikana. Mwaka 1995 alisimamishwa kazi, na baadaye akatoroka nchi. Alikamatwa Chicago mwaka 1997, na mwaka 2000 akakiri mahakamani kuwaua wagonjwa 4 huko Marekani, akafungwa maisha. Kwa ajili ya watu wa Mnene hajahukumiwa.

Huenda mtu akatukumbusha fundisho la Bwana wetu, ya kwamba ndugu aliyekosa aendewe kwanza faraghani. Ni kweli, wala hatulipunguzi. Lakini na tulisome mpaka mwisho, penye mashahidi na kanisa. Tena fundisho lile lahusu ndugu aliyekukosa wewe. Hapa aliyekosewa ni mgonjwa kitandani. Msamaha huo ni mali yake, si mali yetu tuugawe kwa niaba yake naye hajui.

Hofu ya kumwonea asiye na hatia twaiheshimu zaidi. Waganga nao huoneana wivu, na chuki yajua kuvaa nguo za haki. Kwa hiyo huko Marekani daktari hupelekewa habari ya yale yaliyoandikwa juu yake, naye aweza kuyapinga na kuweka maneno yake kando yake. Hapo twaridhika. Neno moja latusumbua bado: majina yaliyomo katika daftari hilo hayaonyeshwi kwa watu wote. Hospitali husoma, baraza husoma, mgonjwa hawezi. Wenye kuitetea siri hiyo husema ya kuwa bila hiyo wakuu wangeogopa kupeleka habari. Yawezekana. Hata hivyo, yule atoaye mwili wake ukatwe kwa kisu ndiye asiyepewa ruhusa ya kuuliza, nasi tumelifikiri jambo hili mara nyingi pasipo kuona jinsi ya kumweleza.