Shamba Mlilolilaza

Wajukuu zangu, mmeamua kulilaza lile shamba la bondeni misimu miwili, na mmeamua vyema. Udongo umechoka, mahindi ya mwaka jana yalikuwa manjano hata magotini hayajafika. Ila kuna jambo naona mmelisahau, yaani mbegu za magugu, nami nalijua kwa kuwa liliniumiza. Ujanani nililaza shamba langu nikaenda zangu mjini kutafuta vibarua. Niliporudi, majirani walipalilia mara moja, mimi mara tatu, na mwaka uliofuata vivyo hivyo. Mgongo huu mnaouona ulianza kuinama wakati ule.

Jana nilichuma kichwa kimoja kikavu cha gugu la kishona nguo nikakipukusa kiganjani. Nanyi fanyeni hivyo. Mbegu za katikati ni ndefu, nyeusi, nyembamba kama sindano. Za pembeni ni fupi, zina wekundu kidogo. Ndefu huota upesi mvua ikinyesha. Fupi husubiri. Kwa hiyo hata mkipalilia zilizoota, nyingine bado zimo ardhini. Na mche mmoja tu hutoa mbegu elfu kadhaa. Mchicha pori ulionenepa huweza kupita 100,000. Zikifukiwa hulala miaka mingi, hadi siku jembe linapozifukua zikaona mwanga.

Kiduha nacho, gugu linyonyalo mizizi ya mahindi, msidhani kitakufa kwa njaa mkiacha mahindi misimu miwili. Mbegu zake, laini kama ugoro, huweza kuishi ardhini zaidi ya miaka 10, zikingoja majimaji yanayotoka kwenye mizizi ya mahindi au mtama ndipo ziote.

Basi lilazeni shamba, lakini mwende kulitazama. Nawasihi, fyekeni magugu yakianza tu kuchanua. Yaliyokwisha kufunga mbegu yaondoeni kabisa, kwani mbegu huendelea kukomaa hata mche ukiwa umeng'olewa. Wala msiwatupie mbuzi: mbegu ngumu hupita tumboni salama, kisha mnazirudisha wenyewe shambani pamoja na samadi.

Kama mwanisikiliza, mtapanda marejea. Yakisongamana, magugu hukosa mwanga, na udongo hupata rutuba. Mnayafyeka na kuyafukia yakiwa bado na maua. Mbegu ninayo, nusu debe, iko darini juu ya jiko la bibi yenu. Njooni mwichukue kabla vuli haijaanza.