Toboa Ndoo, Panda Mboga

Mpangaji wa mjini ukimwambia alime mboga, jibu lake liko tayari mdomoni: nitalima wapi, ndugu yangu, nami sina hata futi moja ya ardhi? Basi nakujibu leo bila kuzunguka. Utalima kwenye ndoo iliyokatika mpini. Utalima kwenye dumu la mafuta ya kula, kwenye beseni lenye ufa, kwenye kiroba cha unga kilichoisha jana. Kama una kibaraza, ngazi, paa la zege au kijia cha uani kinachopigwa na jua kwa saa tano au sita kwa siku, mahali pa kulima unapo. Kinachokosekana ni udongo mzuri na uamuzi wako, na vyote viwili vinapatikana wiki hii.

Wenye nafasi ndogo kuliko yako walishafanya. Mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi wa Kenya, familia nyingi za Kibera zilikuwa zinahangaika kupata chakula. Shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités likaanza kuwapa wakazi miche na mafunzo ya kulima kwenye magunia. Kibera, mahali ambapo mabati ya jirani yanagusana na yako, ikaota sukuma wiki na spinachi milangoni, na maelfu ya kaya zikawa zinachuma mboga hatua mbili kutoka jikoni. Nako Havana, Umoja wa Kisovyeti uliposambaratika 1991 na Cuba ikakosa mafuta na mbolea za viwandani, watu walijenga matuta yaliyozungushiwa kuta fupi juu ya viwanja vilivyoharibika, wakayajaza udongo na mboji, wakailisha miji yao mboga. Hawakuwa na kemikali hata kama wangezitaka. Kilimo hai kwao hakikuwa fasheni ya matajiri. Kilikuwa ndiyo njia iliyobaki, na ilifanya kazi.

Utaniuliza: kwani sokoni mboga zimeisha? Hazijaisha, na mama muuza mboga wa mtaani kwetu namheshimu sana, anaamka alfajiri kutulisha. Ila fungu la mchicha halina maandishi yanayokuambia limenyweshwa maji gani. Mwaka 1999 Bahemuka na Mubofu walichapisha utafiti wao kuhusu mboga za majani zinazolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam. Walipima madini mazito katika majani hayo, na risasi na kadmiamu zilikuwemo. Mkulima wa bondeni simlaumu, maana analima kwa maji yaliyomfikia, na walioyachafua wako juu yake. Lakini mtoto wako anayekula mboga hizo hana la kufanya, wewe unalo. Halafu kuna dawa. Anayepuliza kiuatilifu leo anatakiwa asubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuvuna, na wewe unayenunua jioni huwezi kujua kama alisubiri. Ndoo yako mwenyewe unaijua tangu siku ya kwanza.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Pima sahani yako ya jana usiku, ile yenye mlima wa ugali na kijiko kimoja cha majani pembeni, uone tulipo. Majani yakiwa yanachumwa kibarazani, kijiko kile kinakuwa vitatu bila mtu kuhubiriwa.

Sasa tuje kwenye udongo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtu anachota mchanga wa uani, anaujaza kwenye kopo, anapanda, mboga inadumaa, kisha anasema mkono wake hauna baraka. Mkono wako hauna tatizo. Mmea ulioko shambani ukikosa chakula hapa, unatuma mizizi kule. Ulioko kwenye ndoo hauna kule. Utakula kile tu ulichouwekea, kwa hiyo uwekee vizuri. Chukua madebe mawili ya udongo mweusi wa juu, debe moja la samadi iliyoiva, na debe moja la mchanga au makapi ya mpunga ili maji yapite. Kama udongo wa kwenu tayari ni wa kichanga, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani, acha mchanga na uongeze mboji. Udongo usiuchukue kando ya gereji, dampo wala barabara kubwa, maana kuna sumu isiyoonekana kwa macho.

Samadi iliyoiva, narudia. Ile ya kuku iliyotoka bandani leo ina ukali wa kuunguza miche. Iloweshe kidogo, ifunike, igeuze kila wiki, uiache miezi miwili au zaidi. Ikiiva inakuwa nyeusi, inapukutika mkononi, na haina tena harufu ya banda. Ukifika kwa mfugaji wa mtaani kwenu ukamwamkia na kumwomba, mara nyingi atafurahi kukupa gunia zima, kwa kuwa kwake ni uchafu wa kutupa.

Na jikoni kwako kuna mbolea inayokwenda jalalani kila siku. Maganda ya ndizi, ya viazi, ya vitunguu, mashina ya mboga, majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, maganda ya mayai yaliyosagwa. Chukua ndoo yenye mfuniko, itoboe chini na ubavuni, weka tabaka la majani makavu au maranda, juu yake tabaka la maganda, kisha makavu tena. Nyama, samaki na mafuta usitie, vitakuletea panya na harufu. Ukiona unyevu umezidi, ongeza makavu. Ukiona pamekauka, nyunyiza maji. Baada ya miezi miwili mpaka mitatu una mboji, na hujatoa hata shilingi.

Chombo nacho kichague kwa akili. Kilichobeba viuatilifu, asidi ya betri au mafuta machafu ya gari hakifai kulimia chakula, hata ukikiosha mara kumi. Dumu la mafuta ya kula linafaa, ndoo ya lita 20 inafaa sana. Toboa matundu sita mpaka nane chini, yenye upana wa kidole kidogo, kisha kiinue chombo juu ya matofali ili maji yatoke. Mboga nyingi za kwenye makopo hufa kwa kuzama, si kwa kiu tu.

Kiroba ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinalimwa juu na ubavuni. Simamisha mfuko wa salfeti, kunja ukingo wake nje, tia udongo kiasi cha shubiri moja. Katikati weka kopo lililotolewa kitako na mfuniko, lijaze mawe madogo, kisha zungushia udongo pande zote mpaka usawa wa mdomo wa kopo. Sasa livute taratibu. Mawe yatabaki katikati, yameshikwa na udongo. Litie mawe tena, zungushia udongo, vuta tena. Ukifika juu utakuwa na nguzo ya mawe tangu chini hadi juu, na maji unayomimina pale katikati yatashuka yakinywesha udongo wote badala ya kuishia juu tu. Mwagilia, acha udongo ukae siku mbili tatu. Halafu chukua kisu, chana ubavuni vitundu vidogo kwa zigizaga, kimoja mbali na kingine kwa shubiri moja, na kila kitundu kipokee mche wake wa sukuma wiki au spinachi, mizizi ikielekezwa chini kidogo. Juu panda vitunguu majani au giligilani. Kiroba kimoja kinachukua miche thelathini au zaidi katika eneo lisilozidi la kiti. Jua hulila salfeti, kwa hiyo baada ya msimu mmoja au miwili litachakaa. Udongo wako utauhamishia kwenye jipya.

Na mwenye nyumba? Usimfiche. Nenda jioni akiwa ametulia. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu, karibu.” “Mama, naomba niweke ndoo nne za mboga pale ukutani. Zitakaa juu ya matofali, maji hayatatuama, na mchicha wa kwanza ni wako.” Mwambie ukweli na utimize ahadi. Nimeona wenye nyumba waliokuwa wakali kwa msumari mmoja ukutani wakiishia kuomba mbegu.

Anza na mchicha. Wengi wanakimbilia nyanya kwa sababu picha zake zinavutia, lakini nyanya inataka ndoo nzima kwa mche mmoja, mti wa kuegemea, jua la kutosha na mkulima aliyekwisha kuzoea. Mchicha unakupa ushindi wa haraka, na anayeanza anauhitaji ushindi huo kuliko mbolea yoyote. Mbegu zake ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu ili zisidondoke fungu moja, nyunyiza, funika kwa udongo mwembamba. Siku ya nne au ya tano utaona kijani. Inayosongamana ing'oe mapema uile, iliyobaki inenepe. Wiki ya nne unaweka sufuria mekoni.

Matembele hayahitaji hata mbegu. Omba vikonyo kwa jirani, vyenye urefu wa shubiri moja na nusu, fukia pingili mbili tatu, kivuli siku chache, basi. Sukuma wiki itangulie kwenye kitalu kidogo kwa takriban mwezi mmoja, kisha uihamishe jioni jua likishapoa, na ukichuma chuma majani ya chini tu, ya juu uyaachie kazi. Itakulisha kwa miezi. Wala usiusahau mnafu na mgagani, mboga za bibi zetu tulizozidharau tulipohamia mjini. Kituo cha Dunia cha Mboga kiliweka ofisi yake Tengeru, Arusha, 1992, na mboga hizi za asili ni sehemu kubwa ya kazi yake. Wanasayansi wanazihifadhi mbegu tulizokuwa tunang'oa kama magugu.

Maji ni suala la mazoea. Ndoo hukauka haraka kuliko ardhi, hasa kwenye zege. Chomeka kidole mpaka pingili ya pili, pakiwa pakavu mwagilia, pakiwa na unyevu acha. Maji uliyooshea mchele na mboga yanafaa. Funika uso wa udongo kwa nyasi kavu ili jua lisiyanyang'anye. Ukisafiri siku mbili, toboa kwa sindano mfuniko wa chupa, ijaze maji, igeuze na kuichomeka kwenye udongo, itadondosha polepole.

Wadudu watakuja. Wakija usikate tamaa na usikimbilie dukani. Kila asubuhi geuza majani uangalie chini yake, maana vidukari hujificha huko, wadogo, wamejipanga kwenye jani changa mpaka linajikunja. Wakiwa wachache waponde kwa vidole au wasukume kwa maji. Wakizidi, twanga majani mabichi ya mwarobaini, kama gramu 200 kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, yeyushia kipande kidogo cha sabuni ya mche ili dawa igande kwenye jani. Puliza jioni, kwa kuwa jua kali huivunja nguvu yake, na rudia baada ya siku tano mpaka saba. Osha mboga vizuri kabla ya kupika.

Mboga zikianza kuwa na rangi ya njano, mara nyingi zina njaa. Alizeti pori, ile yenye maua ya manjano inayojiotea kandokando ya njia, majani yake yana naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa wingi. Katakata, jaza nusu ya ndoo, tia maji, funika, koroga kila baada ya siku mbili au tatu. Baada ya wiki mbili chuja, ongeza maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi, kisha mimina kwenye udongo mara moja kwa wiki. Harufu yake ni kali, waambie majirani mapema.

Mwaka 2020, janga la korona lilipovuruga masoko, serikali ya Kenya ilizindua mpango wa bustani milioni moja za nyumbani. Wewe usingoje mpango. Usingoje kiwanja, wala mvua za masika, wala semina. Shirikisha watoto, kila mmoja apewe kopo lake na jina lake, utaona nani anaamka kwanza kwenda kuchungulia. Waite majirani watatu, mmoja apande mchicha, mwingine matembele, wa tatu giligilani na pilipili, mbadilishane mafungu mlangoni.

Leo ukirudi nyumbani, tafuta ndoo moja. Pasha msumari mkubwa kwenye jiko la mkaa, ushike kwa koleo, toboa matundu. Kesho tafuta samadi iliyoiva na udongo. Keshokutwa nyunyiza mchicha, halafu baada ya wiki mbili panda ndoo ya pili, ili ya kwanza ikivunwa hiyo nayo iwe inakaribia. Mche mmoja ulionona kuliko wote usiukate, uache utoe mashuke na kukomaa. Utapukuta mbegu za kutosha kwako na kwa mlango wa pili.