Mwalimu Afunge Madaftari Saa Ngapi?

Tumezoea kusema ya kuwa ualimu ni wito. Neno hili ni zuri, wala hatutaki kulipunguza. Lakini mara nyingi linatumika kumnyamazisha mwalimu. Akisema amechoka, huambiwa, "Si uliitikia wito?" Basi yafaa tujiulize: je, aliyeitwa kufundisha ana haki ya kusema, "Kazi ya leo imetosha"?

Tupige hesabu kwanza, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye darasa la watoto 90, akitumia dakika 2 tu kwa kila daftari, anahitaji saa 3 kusahihisha zoezi moja la somo moja. Hapa Tanzania kipimo kilichowekwa ni mwalimu 1 kwa watoto 45, lakini wasomaji wengi wanayajua madarasa yaliyopita kipimo hicho mara mbili. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, na tena ada na michango ilipoondolewa mwaka 2001 na mwaka 2016, watoto waliingia shuleni kwa wingi, nalo lilikuwa jambo jema sana. Walimu hawakuongezeka kwa kasi ile ile. Pengo hilo limezibwa na nini? Kwa sehemu kubwa limezibwa na jioni za walimu, na usingizi wao.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma. Lakini saa za kusahihisha chini ya taa nyumbani hazihesabiwi na mtu. Tena siku hizi iko simu: mzazi huandika saa 4 usiku kuuliza habari za mtihani, na asipojibiwa hununa.

Wako watakaosema, "Mwalimu akiweka kalamu chini, nani atamsaidia mtoto aliyebaki nyuma?" Swali hili ni zito, wala halijibiwi kwa kutaja sheria. Lakini tumtazame mwalimu aliyekesha. Mwili wake umefika darasani, subira yake imebaki nyumbani. Swali la mtoto mzito wa kuelewa humkera, na fimbo huwa karibu kuliko maelezo. Anayeumia kwanza ni yule yule mtoto aliyebaki nyuma. Kwa hiyo pumziko la mwalimu si mali ya mwalimu peke yake. Mtoto naye ana fungu lake humo.

Hata hivyo, mpaka una pande mbili, kama ua kati ya mashamba mawili. Mwalimu anayesema, "Saa za jioni ni zangu," hana budi kusema pia, "Saa za darasani si zangu." Akiuza vitumbua wakati wa kipindi, au akificha somo ili aliuze jioni kwa tuisheni, ameuvunja ua kwa mkono wake mwenyewe, na hawezi kulalamika wengine wakipita.

Tena mpaka mwema hutangazwa mapema. Mwalimu awaambie wazazi katika mkutano siku na saa za kuonana naye, na kwamba ujumbe wa usiku utajibiwa asubuhi. Amweleze mwalimu mkuu, kwa heshima na kwa hesabu, kazi anayoweza kuimaliza vizuri. Mazoezi mengine watoto wabadilishane madaftari wasahihishe pamoja ubaoni, naye achukue nyumbani theluthi tu kila siku, ili kwa siku 3 awe ameyaona yote. Huko si kukwepa kazi, ni kuipanga.

Lakini liko jambo linalopita mipaka yote. Mtoto akija jioni na alama za kipigo, au akisema nyumbani si salama, mwalimu hatasema saa zimekwisha. Ndiyo sababu nyingine ya kutozimaliza nguvu zake kwa yale yanayoweza kungoja kesho.

Mwisho, tuseme la kwetu. Katika mitaa yetu, mwalimu ndiye katibu wa kanisa, ndiye mwandishi wa kamati ya harusi, ndiye anayefundisha watoto Jumapili. Tunamchagua kwa sababu anaweza, tena hakatai. Lakini kutokataa si kukubali. Pengine ni haya tu. Basi siku tutakaposimama kumpendekeza mwalimu kwa kazi ya 4, tumwulize kwanza ni ipi kati ya zile 3 tumpokee, na akisema hapana, tuipokee hapana yake bila kunung'unika.