Mkubwa Anapoulizwa

Neno rubani lilikuwa la baharini kabla halijapanda angani. Rubani ndiye aliyejua miamba na mikondo, akakiongoza chombo kuingia bandarini, na nahodha, kwa ukubwa wake wote, akamsikiliza. Leo rubani ni mwendesha ndege, na kisa ninachotaka tukizingatie ni cha ndege, nacho kilitukia kisiwani.

Tarehe 27 Machi 1977, katika ukungu wa kiwanja cha Los Rodeos, kisiwani Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani. Watu 583 walikufa. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mwalimu wa marubani wenziwe. Hata msaidizi wake alikuwa ametahiniwa naye. Alipotaka kuondoka mara ya kwanza, msaidizi alimkumbusha kuwa ruhusa haijatoka. Alipoanza tena, bado bila ya ruhusa ya kuruka, msaidizi hakumzuia. Fundi wa mitambo ndiye aliyeuliza kama ile ndege nyingine haijatoka njiani. Mkubwa akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Fundi hakuuliza tena.

Ukungu ulikuwapo, na sauti za redio ziliingiliana, hayo siyakanushi. Kinachonishughulisha ni kimya cha yule fundi. Je, kilikuwa adabu? Tumelelewa kwa methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami siitupi. Ila haikutuambia mkuu asiyesikia la mdogo huvunja guu la nani.

Wakurugenzi wetu hupenda kutangaza kwamba milango yao i wazi. Wafanyakazi hawautazami mlango. Humtazama karani wa kwanza aliyeingia na habari ya hesabu isiyokaa sawa, wakaona ametoka na uso gani. Akitoka amekemewa, wa pili haingii, na bosi ataendelea kuusifu utulivu wa ofisi yake.

Wenye ndege walijifunza kwa gharama ya roho za watu. Mwaka 1979 NASA iliitisha mkutano juu ya jambo hili, na mwaka 1981 shirika la United likaanza mafunzo yake: mdogo afunzwe kusema, na mkubwa afunzwe kusikiliza. La pili, kwa maoni yangu, ndilo zito, kwani lamtaka mkubwa aulize kabla hajaulizwa, kisha anyamaze, alisubiri jibu la yule aliyeketi nyuma kabisa.