Mshahara wa Mwalimu na Onyo la Wapunjao

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyempa mwanadamu akili na akamfungulia mlango wa ilimu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema hata Siku ya Malipo.

Ama baada ya haya. Ndugu zetu Waislamu, mazungumzo ya mabarazani hayakosi khabari ya skuli: mara fedha za wanafunzi zimechelewa, mara walimu wanadai nyongeza, mara Bunge linabishana juu ya bajeti ya ilimu. Wengi wetu huzisikiliza khabari hizi kama siasa tupu isiyoihusu dini. Sisi twaona kwamba zinaihusu dini, tena sana, kwa kuwa ndani yake mna ahadi, mna ujira wa mtu, na mna haki ya mtoto asiyeweza kujidaia mwenyewe. Mambo hayo yote yana hukumu katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu na katika Sunna za Mtume wake (S.A.W.).

Katika Surat Al-Mutaffifin Mwenyezi Mungu amewaonya vikali watu ambao wakipimiwa na wenzao hutaka watimiziwe, lakini wao wakiwapimia wenzao hupunguza. Tumezoea kuifahamu aya hiyo kwa muuza duka na mizani yake. Lakini maana yake ni pana zaidi ya mchele na sukari. Imepokewa katika Muwatta ya Imamu Malik kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alilitumia neno hilo hilo la kupunja kwa mtu aliyeikosa sala ya Alasiri. Basi ikiwa sala yaweza kupunjwa, mshahara wa mwalimu wapunjwa, kipindi cha darasa chapunjwa, na ahadi ya sharia vile vile yapunjwa.

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kumjibu anayeuliza: je, mwalimu kulipwa kwa mali ya umma ni jambo linalojulikana katika Uislamu, au ni desturi tuliyoletewa na Wazungu? Jawabu ni kwamba lajulikana tangu mwanzo. Baada ya vita vya Badri, katika mwaka wa pili wa Hijra, wako mateka waliojua kuandika na wasiokuwa na fedha za kujikombolea. Mtume (S.A.W.) aliifanya fidia yao iwe ni kuwafundisha watoto wa Ansari. Fedha zile zilikuwa haki ya umma wa Waislamu, na umma ule ulikuwa na shida. Walakini Mtume aliziacha fedha akachukua mafundisho. Imepokewa pia kwamba katika zama za Sayyidna Umar palikuwa na walimu watatu Madina waliowafundisha watoto, na yeye akimpa kila mmoja wao dirhamu 15 kwa mwezi.

Na khalifa Umar bin Abdul-Aziz aliwatuma watu wawili kuwafundisha dini watu wa jangwani, akawawekea mshahara. Mmoja aliupokea, na wa pili akaukataa. Khalifa hakumlaumu aliyepokea. Alisema kwamba haoni ubaya wowote katika jambo lile, kisha akamuombea kheri aliyejitolea. Wanavyuoni wa zamani wa madhehebu ya Hanafi walikuwa wakikataza ujira wa kufundisha Kurani, nao waliokuja nyuma yao wakauruhusu. Sababu waliyoitaja ni kwamba posho za Baitul-Mali zilizokuwa zikiwatosheleza walimu zilikuwa zimekatika, nao wakakhofu kwamba mwalimu akikosa chakula ataliacha darasa, na ilimu itapotea. Ama katika madhehebu yetu ya Shafi ujira huo wajuzu. Basi asije mtu akatwambia kwamba mwalimu mwema ni yule asiyeuliza mshahara.

Sasa na tukitazame kipimo cha kwanza, kilicho mkononi mwa Serikali. Hatuwezi kusema kwamba nchi yetu imekosa sharia. Tume ya Kuwaajiri Walimu iliundwa kwa sharia mwaka 1967. Mwezi wa Januari 2003 karo ziliondolewa katika skuli za msingi za umma, kila mtoto akatengewa Sh. 1,020 kwa mwaka, na hesabu ya wanafunzi ikapanda kutoka kiasi cha milioni 5.9 hadi zaidi ya milioni 7. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yasema kwamba kila mtoto ana haki ya kupata ilimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sharia ya Ilimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza kutoza karo ya mafunzo katika skuli za umma. Haya ni mambo mema, na Mtume ametufundisha kuwashukuru watu wanapotenda wema.

Walakini kuandika ni jambo moja, na kutimiza ni jambo jingine. Mwaka 1997 walimu waligoma, na Serikali ikakubali kuwapa nyongeza kubwa kwa mafungu, kwa muda wa miaka mitano. Makubaliano hayo yakaandikwa katika tangazo la sharia nambari 534 la mwaka huo. Fungu la kwanza likalipwa; kisha mwaka uliofuata wakaambiwa kwamba fedha hazipo. Mwaka 2013 walimu waligoma tena kwa zaidi ya majuma matatu, na madai yao yalikuwa ni marupurupu yaliyotajwa katika tangazo lile lile. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ahadi ile alikuwa amefikia miaka 16, na ahadi ingali ikidaiwa. Kisha mwaka 2015 skuli za umma zikakaa bila ya walimu kwa majuma kadhaa, kwa ugomvi wa mshahara uliokwisha kupita mahakamani.

Mfano wa karibu zaidi ni huu. Tangu mwaka 2018 ilikubaliwa kwamba kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa atatengewa Sh. 22,244 kwa mwaka. Mwezi wa Julai 2025 Waziri wa Fedha aliiambia kamati ya Bunge kwamba Hazina yaweza kutoa kiasi cha Sh. 16,900 tu. Tofauti yake ni zaidi ya Sh. 5,300 kwa kila mtoto, na anayeiziba ni nani? Ni mzazi anayeambiwa alete fedha za chakula cha mchana, za mitihani, na za mwalimu aliyeajiriwa na skuli kwa sababu Tume haikuleta wa kutosha. Hivyo karo iliyotolewa kwa mlango wa mbele hurudi kwa mlango wa uani. Na mwaka 2023 walimu wengi waliohitimu waliwekwa katika sekondari msingi kwa jina la wanagenzi, wakafundisha vipindi kamili kwa posho ya Sh. 20,000 kwa mwezi, mpaka Aprili 2024 mahakama ikahukumu kwamba Tume haina ruhusa ya kuwaajiri kwa njia hiyo.

Huenda mtu akasema: Hazina haina fedha, na asiyekuwa nacho hakalifishwi. Twajibu kwamba asiyekuwa nacho ana udhuru wa kutoahidi, wala hana udhuru wa kuahidi mbele ya uchaguzi na kusahau nyuma yake. Mwenyezi Mungu katika mwanzo wa Surat Al-Maida ameamrisha kutimizwa kwa mikataba, na amri hiyo haikuwatoa wenye mamlaka. Tena ni uadilifu gani, fedha zinapopungua, upungufu uanze kwa mtoto na kwa mwalimu, kabla haujafika kwenye magari na safari za wakubwa? Mtume (S.A.W.) ametukhabarisha kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atateta nao Siku ya Kiyama ni yule aliyemuajiri mtu, akaipata kazi yake yote, kisha asimpe ujira wake. Khabari hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari, na kila aliye na kalamu ya kutia sahihi mishahara ya watu yampasa aikumbuke.

Kipimo cha pili ki mkononi mwa mwalimu mwenyewe. Wako walimu, twamshukuru Mungu, wanaosomesha darasa la watoto 70 kwa sauti iliyokwisha kukauka, na wanaonunua chaki kwa fedha zao. Hao malipo yao makubwa yako kwa Mola wao. Lakini wako wengine waliopigania nyongeza, wakaipata, na darasani hawaonekani ila saa ya kutia jina katika daftari. Wako wanaoficha somo asubuhi ili waliuze jioni kwa mtoto yule yule, kwa jina la masomo ya ziada. Sharia ile ya mwaka 2013 imekataza masomo ya kulazimishana wakati wa likizo, na dini imekataza kabla yake. Anayepokea mshahara wa mwezi mzima na akafundisha nusu ya mwezi amepimiwa akatimiziwa, naye akapima akapunguza. Haki ya kudai mshahara haimuondolei mtu wajibu wa kuufanyia kazi.

Kipimo cha tatu, ndugu zetu, ki mikononi mwetu sisi, na hiki ndicho tunachokisahau. Tunapoisema Serikali kwa kuwacheleweshea walimu mishahara, na tumtazame mwalimu wa chuo na madrasa iliyoko mtaani petu. Yeye ndiye aliyewafundisha watoto wetu alifu kwa kijiti, ndiye aliyewatia Fatiha vinywani mwao. Je, tumemuandikia mkataba? Je, analipwa tarehe gani? Katika mitaa mingi ya pwani jawabu ni kwamba hana mkataba wala tarehe. Hupewa kinachopatikana, kinapopatikana. Zamani mtoto alikwenda chuoni na senti za Alkhamisi, na chuo kikaenda kwa hizo. Hali ya maisha imebadilika, kodi ya nyumba imepanda na bei ya unga imepanda, lakini fikira yetu imebaki pale pale penye senti za Alkhamisi.

Mzazi yule yule anayeona uzito kutoa ada ya madrasa kwa mwezi, likija jambo la arusi hukopa, akakodi mahema na viti, akapika pilau ya watu mia tano na mia ikamwagwa. Mwalimu wa madrasa hualikwa asome dua, akashikishwa bahasha, nasi tukaona tumemfanyia ihsani. Kumpa sadaka mtu unayemdai kazi, na haki yake ikakaa kwako, si ihsani. Ni deni. Kisha mwalimu huyo akiacha kusomesha akaenda kuendesha bodaboda, au akachukua kazi ya dukani, twasema kwamba vijana wa leo hawana subira ya dini. Hofu waliyokuwa nayo wanavyuoni wa Hanafi imetimia katika mitaa yetu wenyewe, na hapa hapana Waziri wa kulaumiwa.

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah aliyoyatoa Mombasa katika miaka ya 1930, aliwahimiza Waislamu wa pwani waamke katika ilimu ya dini na ya dunia. Miaka 90 imepita, na kilio ni kile kile. Basi si vyema tulie tena bila ya kutaja la kufanya. Sisi twapendekeza mambo matatu.

La kwanza: skuli za umma ni zetu, na sharia imewapa wazazi viti katika halmashauri zake. Tuviingie viti hivyo. Tuulize kwa adabu na kwa hesabu: fedha za Serikali zimeingia kiasi gani muhula huu, na zimetumikaje? Mbunge akija kutaka kura, tumuulize alisimama wapi siku ya bajeti ya ilimu.

La pili: kila kamati ya madrasa imuandikie mwalimu wake mkataba wenye kiwango na tarehe. Mtume ametuamrisha kumlipa mfanya kazi kabla ya jasho lake kukauka. Tarehe tano ya mwezi si haraka kupita kiasi.

La tatu: turudie wakfu. Madrasa ya Nidhamiyya ya Baghdad, iliyofunguliwa mwaka 1067, iliwalipa walimu wake kwa mapato ya mali iliyowekwa wakfu. Wazee wetu wa pwani nao walizifanya wakfu nyumba zao na mashamba yao ya minazi. Leo chumba kimoja cha duka kikinunuliwa na mtaa mzima na kufanywa wakfu, kodi yake itamlipa mwalimu hata sisi tutakapokuwa makaburini, na thawabu zake zitatufuata huko.

Tukifanya hayo, tutakapoidai Serikali haki ya walimu wa skuli maneno yetu yatakuwa na uzito, kwa kuwa tutakuwa tumekwisha kuitimiza ile iliyo juu yetu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaongoze viongozi wetu watimize waliyoyaandika, awape walimu wetu riziki ya halali na ikhlasi katika kazi yao, na atuepushe sisi na watoto wetu na hali ya wapunjao. Amin.

Wabillahi tawfiq.