Pini Kuingia Si Adapta Kufaa

Dada mmoja mwenye studio ya picha hapa Dar es Salaam ameniruhusu nieleze yaliyompata, kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje. Anataka wengine wajifunze. Nami naona kisa hiki kinatuhusu sote, kwa maana karibu kila nyumba ina droo iliyojaa adapta zisizojulikana ni za nini.

Picha zake za harusi, kipaimara na maulidi alizihifadhi kwenye diski ngumu ya nje, ile kubwa ya inchi 3.5 inayokaa mezani. Diski ya namna hiyo haitosheki na umeme wa kebo ya USB kama zile ndogo za inchi 2.5. Huwa na adapta yake ya ukutani, na kwa kawaida adapta hiyo hutoa volti 12. Studio ilipohama, adapta ikapotea. Siku mteja alipokuja kudai albamu yake, dada akachukua adapta ya laptopu iliyokuwa jirani. Pini ikaingia, akawasha.

Dalili ya mvua ni mawingu, na siku ile mawingu yalikuwa mengi.

La kwanza lilikuwa maandishi. Mgongoni mwa adapta palisomeka 19V na 3.42A, na chini ya kasha la diski palisomeka 12V. Maandishi hayo ni madogo, lakini yapo, na kuyasoma hakuhitaji ufundi wowote. La pili, pini iliingia lakini ikawa inacheza, haikukaza kama ilivyozoeleka. La tatu, taa ya kasha iliwaka mara moja ikazimika, na taa ya adapta ikaanza kupepesa: inawaka, inazima, inawaka tena. Mara nyingi adapta hupepesa hivyo inapogundua kuna shoti mbele yake, ikakata umeme na kujaribu upya. La nne ni harufu ya kitu kilichoungua.

Kila dalili ilipata maelezo mepesi. Labda soketi ni mbovu, ikabadilishwa. Labda ekstensheni, ikabadilishwa nayo. Diski ikawashwa tena na tena kwa umeme uleule usio wake. Tusimcheke. Mteja akiwa amesimama mlangoni, ni wangapi kati yetu tungetulia kusoma maandishi ya mgongoni mwa adapta?

Watengenezaji wa diski huweka kwenye bodi yake diodi za ulinzi, vipande vidogo vyeusi karibu na mahali umeme unapoingilia. Volti zikizidi, diodi huungua na kujifunga shoti ili umeme usipite kwenda kwenye chipu za mbele. Mara nyingi diodi peke yake ndiyo hufa, na data hubaki salama kwenye sahani za ndani. Fundi mzoefu huipima kwa mita, huiondoa, huwasha diski kwa adapta sahihi, kisha hunakili kila kitu haraka, maana diski hiyo sasa haina kinga. Lakini ukirudia kuwasha kwa volti zilezile, diodi inaweza kuzidiwa, na moto ukafika kwenye chipu inayoendesha mota, hata kwenye vichwa vya kusomea.

Ndivyo ilivyokuwa. Diodi na chipu ya mota vyote viliungua. Fundi wa kwanza akavua bodi ya diski nyingine ya muundo uleule, akaifunga. Diski ikazunguka, ikaanza kugonga tak, tak, tak, bila kuonekana kwenye kompyuta. Kugonga huko nako kulikuwa onyo, lakini iliachwa ikigonga muda mrefu kwa tumaini kwamba itashika. Bodi za diski za siku hizi hazibadilishwi kienyeji. Kila moja ina kumbukumbu yenye vipimo vya diski yake pekee, na bila kuvihamisha, vichwa havijui pa kusoma.

Fundi wa pili aliisikiliza kidogo tu akachomoa waya. "Dada, usiiwashe tena," alimwambia. "Kila ukiwasha unapunguza kilichobaki." Akaitoa ile chipu ndogo ya kumbukumbu kwenye bodi iliyoungua, akailehemu kwenye bodi mpya, kisha akanakili diski nzima kwenye diski nyingine kabla ya kugusa faili lolote. Picha nyingi zilirudi. Baadhi hazikusomeka, na wenye harusi hizo walilazimika kuambiwa ukweli.

Ndugu msomaji, tushike haya. Kabla ya kuchomeka, soma volti za adapta na za kifaa: lazima zilingane. Ampea za adapta ziwe sawa na zinazohitajika au zaidi. Angalia pia alama ya chanya na hasi ya pini. Adapta ukiitoa kwenye boksi, ibandikie karatasi yenye jina la kifaa chake.

Ajali ikishatokea, chomoa na usirudie. Usifungue kifuniko cha diski, kwani vichwa huelea nanomita chache tu juu ya sahani, na chembe ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi hiyo. Usikubali kufomati hata kompyuta ikikuomba. Usitupe kasha wala bodi iliyoungua, maana baadhi ya makasha husimba data, na bila bodi yake hazisomeki. Mweleze fundi ukweli wote: ulitumia adapta gani, na uliwasha mara ngapi.

Zaidi ya yote, kazi ya watu isikae mahali pamoja. Weka nakala kwenye diski ya pili, na nyingine nje ya jengo au mtandaoni. Dada huyu sasa hamkabidhi mteja albamu kabla nakala ya pili haijakamilika. Nasi tusisubiri kuunguza ndipo tujifunze: leo hii, kabla hujalala, nakili yale usiyoweza kuyapiga picha mara ya pili.