Rafiki wa Kweli ni Nani?

Kila mwaka vijana wa Kingi na wa vijiji vingine vya Masisi na Walikale, wakiisha kupata diploma ya sekondari, huwaaga wazazi wao wakaenda kusoma Goma, Bukavu au Butembo. Mama humfungia mwanawe maharagwe, viazi na jibini. Lakini rafiki hafungwi mfukoni. Kijana hana budi kumtafuta mwenyewe huko aendako. Basi, amtafute nani?

Wengi hujibu upesi: amtafute mtu wa kwao, asemaye lugha yake. Hatuwezi kuwacheka. Mwaka 1993 mapigano ya kikabila yalianza Walikale, yakaenea Masisi, na vita vilivyofuata vimezidisha woga. Aliyekwisha kukimbia mara mbili hupenda kulala karibu na watu anaowajua. Tena ndugu wa nyumbani ndiye amwonyeshaye mgeni chumba cha kupanga na mahali pa kununua makaa kwa bei nafuu. Msaada huo ni mwema, tuushukuru.

Lakini ujamaa ni kitu kimoja, na urafiki ni kitu kingine. Ujamaa tunazaliwa nao. Urafiki hujengwa kwa matendo. Tuwakumbuke Mtakatifu Basili na Mtakatifu Gregori wa Nazianzo, waliosoma pamoja mjini Athene katika karne ya 4. Huko wanafunzi walikuwa na desturi ya kuwadhihaki wageni. Gregori, aliyetangulia kufika, aliwasihi wenzake wamwache Basili, nao wakakubali. Baadaye vijana Waarmenia, waliomjua Basili tangu zamani, walimjia kwa sura ya urafiki, kumbe wamejaa wivu. Walitaka kumshinda kwa mabishano. Gregori alipoitambua hila yao alisimama upande wa Basili. Wote wawili walikuwa watu wa Kapadokia, lakini urafiki wao ulikomazwa na matendo hayo. Na kujuana tangu zamani hakukuwazuia wale wengine kumwonea kijicho.

Kwa hiyo kijana asianze kuuliza, “Huyu ni Mhunde, Mnyanga, Mtembo, Mhutu, Mtutsi au Mnande?” Aulize hivi: Je, huniambia kweli ninapokosa? Hufurahi nikifaulu? Nikiugua, ataniletea maji, na daftari ninakili masomo yaliyonipita? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini yule ajaye pesa zikifika kutoka nyumbani, akatoweka zikiisha, ni rafiki wa mfuko wako tu, hata kama mmezaliwa mlima mmoja.

Tena yatupasa kuligeuza swali lenyewe. Kijana asingoje kupendwa, yeye aanze. Darasani hakosi mwenzake akaaye peke yake kwa kuwa hana wa kwao. Amsalimu, wasome pamoja, amkaribishe kula bugali.

Jambo hili si dogo. Wasomao leo ndio watakaokuwa waganga, waalimu na mahakimu wetu kesho. Hakimu asiyepata kamwe kula chungu kimoja na mtu wa kabila lingine, atamwamuaje bila kumshuku?

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Mtoto akirudi likizoni pamoja na rafiki ambaye jina lake latushtua, tumpe kiti na kikombe cha maziwa kabla ya kumwuliza ukoo wake.